Haki na Fungu: Mgawanyo wa Hewa ya Ukaa, 1991–2001

Mwaka 1991, Anil Agarwal na Sunita Narain wa India walidai kwamba uwezo wa bahari na misitu wa kufyonza hewa ya ukaa ni mali ya wanadamu wote, na wapaswa kugawanywa kwa idadi ya watu. Methani ya shamba la mpunga la maskini isitiwe katika pishi moja na moshi wa gari la tajiri. Mkataba wa Kyoto wa 1997 ulishika mizani nyingine. Nchi nyingi zenye viwanda zilipimwa kwa utoaji wao wenyewe wa mwaka 1990: Japani ipunguze asilimia 6, Australia ikaruhusiwa kuongeza asilimia 8. Aliyezoea kuchafua sana, basi, akapata fungu kubwa. Huko Marrakesh, mwaka 2001, wanachama waliandika kwamba Mkataba haukuunda haki yoyote ya kutoa hewa hizo. Neno “haki” lilikataliwa. Mafungu yenyewe yaliruhusiwa kuuzwa.