Gari inarukaruka: resori, amortisere na barabara zetu

Gari ikitingizika kwenye kila shimo, wengi wanasema palepale: "Amortisere zimekufa." Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara, na pesa mingi inapotea hapo. Goma kuna mawe ya volkano, Beni na Butembo matope, na anayetoka Bukavu kwenda Uvira anajua muteremuko wa Ngomo. Kila barabara inakula gari kwa namna yake.

Resori njo inabeba uzito. Amortisere haibebe kitu. Kazi yake ni kuzuia resori isiendelee kuruka. Ndani yake mafuta yanapita kwa nguvu katika matundu madogo, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Ndiyo maana baada ya safari ya mawe amortisere nzima inakuwa moto (usiishike kwa mukono wazi). Kama tatu zina moto na moja ni baridi, ile ya baridi haitumike tena. Ukikimbiza gari saa mingi kwenye barabara ya mikunjo-mikunjo, mafuta yanatoa povu na amortisere inalegea; simama, iache ipoe. Amortisere za gazi, zenye azoti ndani, zinakawia kufika pale. Lakini si laini zaidi, hata muuzaji akisema nini. Mara nyingi ni ngumu kidogo.

Jaribio ni rahisi. Kandamiza kona moja ya gari kwa mikono miwili, kisha achilia. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kucheza, amortisere imechoka. Angalia pia kama mafuta inavuja, ama kama pine inakulika kwa vipande-vipande. Na hii si mambo ya mugongo tu: pine inayoruka haigusi chini, na pine isiyogusa chini haifunge freni wala haikate kona. Ku muteremuko, na abiria ndani, njo pale watu wanakufa.

Kelele ya ko-ko-ko mbele ni jambo lingine. Mara nyingi ni rotile ama silambloke, ile mipira midogo iliyo kati ya vyuma. Bei yake ni ndogo kuliko ya amortisere, basi ianze kuangaliwa. Garaji mingi zinasahau kitu kimoja: bulo za silambloke zinakazwa mara ya mwisho gari ikiwa imesimama juu ya pine zake, hapana wakati miguu inaning'inia. La sivyo mpira unabaki umepindika kila siku, na unapasuka mbio.

Amortisere zinabadilishwa mbili-mbili, kushoto na kuume pamoja, kisha paralelismu inapimwa. Resori ya okazyo isiyo na kutu wala ufa tunaweza kukubali. Amortisere ya okazyo hapana: hakuna anayejua imetembea kilometa ngapi.

Hiace na Land Cruiser za kubeba mizigo zina resori za malame nyuma, vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wenye mizigo wanapenda kuongeza lame. Gari haikae chini tena, ni kweli, lakini ikiwa tupu inaruka kama mbuzi, na freni, ekseli na pine zinabaki zilezile. Lame ya ziada haitoe ruhusa ya kuongeza magunia. Vilevile kuinua RAV4 kwa kuweka vipande vya chuma juu ya resori: inapita mawe, lakini hailainike, inapinduka kwa urahisi zaidi, na kardani zinafanya kazi zikiwa zimekunjika vibaya.

Neno moja kwa vijana wa garaji. Kwenye gari ndogo nyingi, resori ya mbele imekandamizwa juu ya amortisere. Kuifungua kwa kamba ama kwa waya ni kuchezea kifo. Inatoka kama risasi. Kuna chombo chake cha kuibana, na garaji isiyo nacho ipeleke kazi kwa mwenye nacho.

Mwenye pesa kidogo aanze na presha ya pine. Kipimo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mulango wa shoferi. Pine iliyojazwa kupita kiasi inafanya gari mupya ionekane imechoka. Kisha silambloke na rotile, kisha amortisere. Resori mupya inakuja mwisho, kama gari imekaa chini ama resori imekatika.