Uboreshaji wa kiini wakati wa kuunganisha

Uboreshaji wakati wa kuunganisha, maarufu kwa kifupi cha LTO, ni njia ya kujenga programu ambamo kompaila huahirisha sehemu kubwa ya kazi yake hadi mafaili yote yakutane. Kwa kawaida kila faili la C hutafsiriwa peke yake, bila kompaila kujua ni faili gani jingine linaiita funksheni iliyomo. Kwa LTO, funksheni fupi hupachikwa pale zinapoitwa hata zikitoka faili jingine, na msimbo usioitwa na yeyote hutupwa.

Kwenye kiini (kernel) cha Linux njia hii iliingia rasmi, kupitia Clang, kompaila ya mradi wa LLVM, katika toleo la 5.12 la Aprili 2021, baada ya kazi ndefu ya Sami Tolvanen wa Google. Kampuni hiyo ilikuwa imeshatangulia: Pixel 3 ya mwaka 2018 ilitoka na kiini kilichojengwa hivyo. Kilichosukuma zaidi ni ulinzi, wala si kasi. Ukaguzi wa CFI, unaozuia mdukuzi kugeuza miito ya funksheni, wakati huo ulihitaji kukiona kiini kizima.

Jambo hili linamhusu hata mwenye simu ya kawaida: simu za Android huendeshwa na Linux, na kiini cha pamoja cha Android cha 5.10 hujengwa kwa LTO.

Kuiwasha LTO ni rahisi kuliko kuisubiri imalize kazi. Amri ya make hupewa LLVM=1, kisha kwenye usanidi huchaguliwa LTO kamili au nyembamba. Ile kamili hula RAM na muda. Nyembamba, iliyokuja na LLVM 3.9 mwaka 2016, hufanya kazi sambamba. Mwenye kompyuta ya kawaida achague nyembamba.