Michael Leifer

Michael Leifer (1933–2001) alikuwa mwanazuoni wa Uingereza wa uhusiano wa kimataifa, aliyebobea katika siasa na usalama wa Asia ya Kusini-Mashariki. Baada ya kufundisha Adelaide nchini Australia na Hull nchini Uingereza, alijiunga na London School of Economics mwaka 1969, akaendelea hapo hadi alipostaafu.

Utafiti wake ulijikita katika mizani ya nguvu baina ya madola. Katika kitabu chake cha 1983 kuhusu sera ya nje ya Indonesia, alieleza nchi inayojiona inastahili kuongoza kanda yake, huku ikihofia udhaifu wake wa ndani. Kuhusu ASEAN, shirika la nchi za Asia ya Kusini-Mashariki lililoundwa mwaka 1967, alishikilia kuwa ni jumuiya ya kidiplomasia isiyo na uwezo wa kijeshi wa pamoja. Hoja hiyo, iliyo kiini cha mchango wake, ilipingwa baadaye na wataalamu waliotilia mkazo kanuni na utambulisho wa pamoja, akiwemo Amitav Acharya. Kitabu cha Leifer kuhusu Singapore, kinachochambua sera ya taifa dogo lenye hofu ya kudumu juu ya usalama wake, kilitoka mwaka 2000.