Kodi Kwezi na Kodi Lemezi: Kinachopanda ni Nini?

Katika taaluma ya uchumi, kodi huainishwa kwa kutazama fungu la kipato ambalo kila kaya hulitoa, wala si kwa kuhesabu shilingi zinazoingia hazina. Kodi ambayo fungu hilo hukua kadiri kipato kinavyokua huitwa kwa Kiingereza progressive, na ile ambayo fungu lake hupungua kadiri kipato kinavyokua, hata mwenye kidogo akajikuta anatoa sehemu kubwa zaidi ya alichonacho kuliko tajiri, huitwa regressive. Baina ya hizo mbili ipo ya tatu, ambayo fungu lake ni lile lile kwa wote. Mjadala mzima kuhusu nani anaibeba serikali mabegani hauwezi kwenda mbali bila dhana hizi, na hata hivyo Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya hotuba za bajeti bungeni Dodoma, bado hakijazipatia majina yaliyotulia midomoni mwa watu.

Mfasiri anayefuata mzizi wa neno huangukia mtegoni mapema. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kupiga hatua kwenda mbele, na katika hesabu lilitumika, kama linavyotumika hadi leo, kwa mfululizo wa namba zinazopanda kwa mpango maalumu. Kinachopiga hatua katika istilahi ya kodi ni kiwango chenyewe, si taifa wala jamii; lakini kwa kuwa neno hilo hilo lina maana nyingine ya kisiasa, ile ya kupenda mageuzi, mfasiri huvutwa kuandika "kodi ya kimaendeleo" au "kodi endelevu". La pili halifai kwa sababu "endelevu" limekwisha kushikwa na dhana ya kitu kinachoweza kudumu bila kumaliza rasilimali zake. La kwanza lina kasoro kubwa zaidi, na kasoro hiyo haitokani na sarufi bali na historia.

Tanzania Bara ilikuwa na kodi iliyoitwa, kwa jina hilo hasa, kodi ya maendeleo. Baada ya serikali za mitaa, zilizovunjwa mwaka 1972, kurudishwa mwaka 1984, halmashauri zilihitaji mapato ya kuendeshea shule, zahanati na barabara, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa kumtoza kila mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi. Kwa kawaida kiasi kilikuwa kimoja kwa wakazi wa halmashauri moja, ndiyo maana wananchi wengi waliendelea kuiita kwa jina la zamani, kodi ya kichwa, wakiiweka katika ukoo mmoja na ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, iliyotozwa kwa nyumba na kulipwa kwa rupia. Mkulima aliyevuna magunia mawili ya mahindi na mfanyabiashara aliyekuja kuyanunua kwa lori walidaiwa stakabadhi ya namna moja. Mwenye lori alilipa bila kuhisi. Mkulima aliuza kuku, au alilala shambani siku ambazo mgambo walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba. Kodi hiyo ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2003. Kwa hiyo mwandishi anayeita "kodi ya maendeleo" ile kodi inayomtoza tajiri fungu kubwa zaidi, mbele ya wasomaji wenye umri wa kuikumbuka stakabadhi ile, huwa amechukua jina la kitu kimoja na kukibandika kinyume chake kamili.

Kasoro ya kodi ya kichwa huonekana vizuri zaidi kwa kutofautisha maneno mawili ambayo herufi moja tu inayatenga: sawa na sawia. Kodi iliyo sawa ni ile ambayo kila mmoja hutoa kiasi kile kile; kodi iliyo sawia ni ile ambayo kila mmoja hutoa kwa uwiano ule ule wa alichonacho. Mfano wa sawia unaofahamika na wengi wa wasemaji wa Kiswahili ni zaka. Zaka ya fedha kwa Waislamu ni asilimia 2.5, yaani moja ya arobaini, na haimpasi mtu mpaka mali yake ifikie nisabu na kuzungukiwa na mwaka. Kwa Wakristo neno hilo hilo hutaja fungu la kumi. Inafaa kuangalia kwa makini nisabu hii, kwa maana wachumi huhangaika kueleza kwa maneno marefu kile kima cha chini ambacho mtu akiwa hajakifikia hatozwi kitu, ilhali Kiswahili kimekuwa na neno lake moja kwa karne nyingi. Haielekei kwamba waandishi wa sheria za kodi watalitumia, kwa kuwa lina harufu ya ibada, lakini msomaji wa pwani akiambiwa kwamba nisabu ya kodi ya mshahara Tanzania Bara ni shilingi 270,000 kwa mwezi hahitaji maelezo ya ziada.

Usawia nao una swali lake. Anayepata shilingi 200,000 akitoa asilimia kumi hubakiwa na 180,000, na pengo la 20,000 ni chakula cha siku kadhaa. Anayepata milioni tano akitoa asilimia hiyo hiyo hubakiwa na milioni nne na nusu, na kinachopungua ni akiba. Asilimia ni moja, maumivu si mamoja. Waandishi wa Ulaya wa karne ya 18 nao walikwisha kuanza kutoka usawia kwenda mbele yake: Adam Smith mwaka 1776 alitaka kila raia achangie kwa uwiano wa uwezo wake, na Thomas Paine mwaka 1792 alikwisha kupendekeza jedwali la viwango ambavyo vingezidi kupanda kadiri mapato ya mwenye mashamba yanavyozidi.

Kama maendeleo hayafai, huenda likaonekana jambo jepesi kusema tu "kodi ya kupanda" na "kodi ya kushuka". Hapa mazoea ya lugha yanakataa. Kodi ikisemwa imepanda, kila msikilizaji huelewa kwamba sasa inalipwa nyingi kuliko jana, na ikisemwa imeshuka, watu hufurahi. Hivyo "kodi ya kushuka", ambayo kwa mtaalamu ni ile inayomkaba mnyonge, sokoni itapokewa kama habari njema. Kupanda na kushuka kwa mazungumzo ya kila siku hufuata kalenda, wakati istilahi inayotafutwa inafuata ngazi ya vipato vya watu wa siku moja.

Pendekezo linalotolewa hapa kwa dhana ya kwanza ni kodi kwezi. Kitenzi kwea huzaa kwezi kama tegemea inavyozaa tegemezi, na neno lenyewe si geni, kwa kuwa pwani nzima inamjua mkwezi wa minazi. Uzuri wake unazidi pale inapokumbukwa kwamba mkwezi hupanda kwa vidato, zile alama zilizochongwa katika shina la mnazi ili mguu upate pa kukanyaga, na viwango vya kodi ya mshahara havina sura nyingine ila hiyo. Kwa dhana ya pili linapendekezwa jina kodi lemezi, kutoka lemea, kitenzi cha mzigo unaomzidi mbebaji. Litapingwa kwa sababu lina hukumu ndani yake, na istilahi njema hupima bila kuhukumu. Pingamizi hilo lina uzito, ila neno la Kiingereza nalo, lenye maana ya kurudi nyuma, halijawahi kuwa safi kwa kipimo hicho. Ya tatu iitwe kodi sawia, nayo haihitaji utetezi.

Vidato vya Tanzania Bara vinaonyesha kazi ya kodi kwezi. Mshahara wa mwezi, ukishaondolewa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, hautozwi chochote hadi shilingi 270,000. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi 760,000 asilimia 20, kinachofuata hadi milioni moja asilimia 25, na kila shilingi iliyo juu ya milioni moja asilimia 30. Mwenye 400,000 hulipa 10,400, yaani asilimia 2.6 ya mshahara wake, na mwenye milioni tatu hulipa 728,000, kidogo zaidi ya asilimia 24. Kosa linalosikika mara kwa mara maofisini ni la mtumishi anayehofia nyongeza ya mshahara kwa kudhani kwamba ikimvusha milioni moja basi mshahara wote utatozwa asilimia 30 na atapeleka nyumbani pungufu ya alivyokuwa akipeleka. Kidato cha juu hakifuti vidato vilivyokwisha kukanyagwa: anayepanda kutoka 1,000,000 hadi 1,010,000 huongezewa kodi ya shilingi 3,000 tu, na 7,000 ni zake. Kodi hii ya mshahara ina jina la Kiswahili lililofanikiwa kuliko la asili bila kukusudia. Jina la Kiingereza linazungumzia wakati, kwamba mtu hulipa kila anapopata badala ya kungoja mwisho wa mwaka. "Lipa kadiri unavyopata" kwa Kiswahili husikika kama kipimo, kwamba kila mtu atoe kwa kadiri yake.

Kodi lemezi ni ngumu kuiona, kwa kuwa mara nyingi kwa macho inafanana na kodi sawia. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Tanzania mwaka 1998 na ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, humtoza kila mnunuzi asilimia ile ile ya bei, na mtetezi wake anaweza kusema kwamba hakuna kilicho sawia zaidi. Jibu ni kwamba uwiano huo ni wa matumizi, si wa kipato. Ichukuliwe kaya yenye kipato cha shilingi 300,000 inayokimaliza chote kabla ya mwezi kwisha, na ambayo katika matumizi hayo 118,000 huenda kwenye bidhaa zenye kodi. Ndani ya bei hizo mna kodi ya 18,000, sawa na asilimia 6 ya kipato. Kaya yenye milioni tano ikinunua bidhaa za aina hiyo za 1,180,000, na fedha nyingine ikaiweka benki, ikanunulia kiwanja au ikalipia ada, kodi yake ni 180,000. Kwa shilingi imelipa mara kumi ya jirani. Kwa fungu imelipa asilimia 3.6. Sentensi mbili za kweli zinatoka katika hesabu hii moja, na wanasiasa wa kila upande huchagua inayowafaa.

Si haki, hata hivyo, kuipa kodi hii jina la lemezi kabla ya kutazama inatozwa nini na wapi. Mazao ya chakula yasiyosindikwa yamesamehewa, na maskini hununua mchicha, dagaa na mihogo gengeni, ambako mtoza kodi hafiki, wakati tajiri anajaza toroli katika duka kubwa lenye mashine ya risiti. Mambo haya mawili hupunguza ulemezi, na mahali pengine yanaweza kuufuta kabisa. Msamaha wenyewe ni upanga wenye makali kuwili, kwa kuwa mkate usiotozwa kodi humwokolea shilingi nyingi zaidi anayenunua mikate mingi zaidi. Hilo halikuwazuia Wakenya kuelewa upesi maana ya pendekezo la kuutoza mkate asilimia 16 katika Mswada wa Fedha wa 2024: liliondolewa tarehe 18 Juni, na mswada wote ukakosa saini ya Rais tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na watu kupoteza maisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mafuta ya taa. Kufikia mwaka 2011 uchakachuaji ulikuwa umeenea katika vituo vya mafuta Tanzania: mafuta ya taa, yaliyokuwa na ushuru mdogo, yalichanganywa na dizeli, na faida ikaliwa na wachanganyaji huku injini zikiharibika. Bajeti ya mwaka huo ilipandisha ushuru wa bidhaa wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi takriban 400 kwa lita, ili tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji itoweke. Shabaha ilikuwa ya haki. Lakini mwenye umeme hakuguswa, na aliyekuwa akipeleka chupa dukani kupimiwa mafuta ya kibatari jioni ndiye aliyebeba gharama ya hila za mwenye kituo. Hapa jina la kodi lemezi halihitaji jedwali.

Dhana moja zaidi hukamilisha maana, nayo ni tofauti kati ya mlipaji na mbebaji. Mwenye duka la mtaani, ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 200, hasajiliwi kwa kodi ya ongezeko la thamani, hivyo haitozi na haiwasilishi. Ila kipande cha sabuni anachokikata kilitozwa kiwandani na kwa muuzaji wa jumla, naye hukiuza kwa bei iliyokwisha kuimeza kodi hiyo. Mfanyakazi wa ofisini ana hati ya mshahara inayoonyesha makato yake hadi shilingi ya mwisho, na akinunua friji hupewa risiti yenye mstari wa kodi. Mama aliyenunua kile kipande cha sabuni hana karatasi yoyote, na katika orodha ya walipakodi jina lake halimo.