Baridi Yabisi, Ateri za Moyo na Dhana ya Uadimu: Mbinga na Ufuko wa Ziwa Nyasa katika Historia ya Tiba

Jina lenyewe linapaswa kuhojiwa kwanza. Kiswahili huuita uvimbe sugu wa viungo baridi yabisi, na katika milima ya Umatengo, ambako asubuhi za kipupwe ni kali, jina hilo husadikika bila kudai ushahidi. Kama si baridi, basi ni kazi: mwanamke afukiaye majani katika ngoro akilalamikia vidole, ni rahisi kuambiwa amechoka.

Hata hivyo, Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambalo Songea pamoja na Mbinga zilikuwa ndani yake, halikukosa nafasi katika historia ya maradhi ya viungo. Mlipuko wa Newala wa 1952 na 1953 ndio uliowapa madaktari jina chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja; Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza katika maandishi yao ya 1955. Maradhi hayo yalionekana kwa kuwa yalikuja kwa kishindo. Baridi yabisi hunyemelea.

Mwaka huohuo wa 1953, Sidney Cobb na wenzake walionyesha huko Marekani kuwa wagonjwa wa baridi yabisi hufa mapema kuliko watu wengine. Sehemu kubwa ya sababu sasa inafahamika: uvimbe usiotulizwa hudhuru utando wa ndani wa ateri, na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa hukaribia mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Steroidi, zinazotuliza viungo, nazo zaweza kupandisha shinikizo la damu.

Afrika Mashariki maradhi yote mawili yalihesabiwa kuwa adimu. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kampala, alipoeleza mwaka 1956 habari za Mwafrika mwenye maradhi ya ateri za moyo, alieleza jambo la nadra. Hoja yake kuhusu chakula siipingi yote. Lakini uadimu hutegemea pia nani anatazama, na kwa muda gani. Ufukoni, tiba ya misheni ya UMCA ilisafiri kwa meli, ikiwamo Chauncy Maples iliyoshushwa ziwani mwaka 1901. Tabibu apitaye na meli huona kidonda na homa. Haoni ateri inayoziba kwa miaka ishirini.

Kwa hiyo, mtafiti afunguaye daftari za hospitali za Litembo au Liuli asitosheke kuhesabu ni mara ngapi baridi yabisi imeandikwa. Atazame kama mgonjwa huyo alipimwa shinikizo la damu, na kama jina lake linarudi, miaka kadhaa baadaye, katika safu ya kiharusi.