Mbu Aliyejaa Skrini: Safari ya Hila za Sinema Afrika Mashariki

Maofisa wa filamu wa serikali ya kikoloni walipenda kusimulia kisa kimoja. Wanakijiji wa Afrika walionyeshwa filamu ya afya ambamo mbu alikuzwa hadi akajaa skrini nzima. Filamu ilipokwisha, wakasema ugonjwa huo hauwahusu, maana kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Kila aliyekisimulia kisa hicho alikitumia kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Mimi nakisoma kinyume. Mtazamaji huyo alipima alichoonyeshwa kwa alichokijua, akaona haviafikiani, akasema wazi. Wengi wetu leo, simu mkononi, hatufanyi hata hilo.

Katika eneo letu majaribio makubwa ya filamu za aina hiyo yalifanyika kuanzia mwaka 1935 huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza filamu fupi kuhusu chai, safura na akiba ya posta, kisha zikazungushwa kwa lori katika makoloni ya Waingereza, Kenya ikiwemo. Mwaka 1939 London ikaanzisha idara yake ya filamu za makoloni chini ya William Sellers, naye akaweka masharti: picha iwe ndefu na ya polepole, hadithi isirukeruke kutoka mahali hadi mahali, hila za kamera zisitumike kabisa. Ufundi ambao Mfaransa Georges Méliès aliutumia tangu 1896 kuwatowesha watu mbele ya macho ya watazamaji ulihesabiwa kuwa mzito mno kwa mtu wa kijijini.

Lakini itazame ile filamu ya akiba. Kibarua mmoja anaweka mshahara wake posta, mwenzake anauzika ardhini na mwizi anauchukua. Nani aliyempanga mwizi huyo? Hila ya kamera ilipigwa marufuku, hila ya hoja ikaruhusiwa kupita. Tangu mwanzo kulikuwa na mtu aliyechagua tuone nini na tusione nini, miongo mingi kabla ya kompyuta.

Hata Hollywood ilipokuja Kenya kupiga "Out of Africa", iliyotoka mwaka 1985, simba waliofunzwa waliletwa kwa ndege kutoka California. Nchi ya simba ikaletewa simba! Angalau walikuwa na damu na manyoya. Filamu ya "The Lion King" ya mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi. Watengenezaji wake walifika Kenya, wakasoma mwanga, nyasi na mwendo wa wanyama, kisha wakarudi kuijenga mbuga yote kwa kompyuta. Mwongozaji Jon Favreau alieleza kwamba ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera halisi, ile ya jua linalochomoza mwanzoni. Watoto wengi wa Mabanga, huko Bungoma, au wa Kitale hawajawahi kufika Maasai Mara, kwa sababu nauli na kiingilio vimewashinda wazazi wao. Mbuga wanayoijua ni hiyo ya kompyuta. Yule mtazamaji wa filamu ya mbu alikuwa na mbu wa nyumbani wa kulinganisha naye. Mtoto huyu hana kipimo, na hilo linanisumbua kuliko mlipuko wowote wa bandia.

Milipuko ya bandia, kwa kweli, ndiyo inayonipa matumaini. Vuka mpaka wa Malaba, ufike Kampala, mtaa wa Wakaliga. Hapo Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Alijifundisha kuhariri kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kutoka vipuri chakavu. Filamu yake "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010, ambayo mwenyewe alisema gharama yake haikufika dola 200, inaonyesha helikopta zikishambulia Kampala. Kila mtu anaona kwamba helikopta hizo zimebandikwa. Sauti ya msimulizi, VJ Emmie, inapita juu ya picha ikichochea na kutania, kama ile ya DJ Afro inavyofanya katika vibanda vya video vya Kenya, na sauti hiyo haikuachi usahau kwamba unatazama kazi ya mikono ya watu. Nakala ya kwanza ya filamu hiyo haipo tena: Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengeneza filamu nyingine. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ.

Sasa linganisha na yaliyotokea Kenya kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, 2017. Video mbili zilisambazwa kwenye simu, moja ikiwa na nembo ya BBC na nyingine ya CNN, zikitangaza kura ya maoni iliyompa Uhuru Kenyatta uongozi. Mashirika yote mawili yalizikana. Ufundi wake ulikuwa mdogo kuliko wa helikopta za Wakaliga, ila waliozitengeneza walijificha. Nabwana anaweka jina lake kwenye uongo wake na kukualika uufurahie. Hawa walitaka kura.

Bunge lilijibu mwaka 2018 kwa sheria ya uhalifu wa mitandao iliyoweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Sheria kama hiyo humfikia mwongo baada ya video kuzunguka nchi nzima, na leo programu ya bure kwenye simu inaweza kumvisha mtu maneno ambayo hakuyatamka.

Bora mtazamaji apewe kipimo mapema. Mabanga ina chuo cha wakulima chenye kumbi, na watu hutoka pande zote za Bungoma kwenda kujifunza hapo. Ningependa ukumbi mmoja utengwe Jumamosi moja, kijana anayejua kuhariri asimame mbele na simu yake, achukue video ya mbunge wao, aibadilishe hatua kwa hatua huku watu wakitazama, kisha wamuulize maswali hadi waridhike.