Kusoma tabia za watu kazini kwa njia ya mtandao: kozi inafundisha nini, na cheti chake kina uzito gani?

Kikundi cha watu thelathini kinaanza kuweka akiba pamoja. Miezi mitatu ya kwanza wote wanafika, wanachanga, wanacheka. Mwezi wa nane wanafika kumi na wawili, mweka hazina hasemi na katibu, na mtu mmoja anabeba kazi ya watu watano. Tunapozungumzia vikundi katika vipindi vyetu, simu nyingi zinazoingia hueleza hadithi inayofanana na hii, na karibu kila mpigaji ana mtu wake wa kulaumiwa: mwenyekiti mkali, wanachama wavivu, au yule mmoja mwenye maneno mengi.

Lipo somo la chuo kikuu linalochunguza mambo haya. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita tabia za watu katika taasisi. Kwenye intaneti utalikuta kwa jina la Kiingereza, Organizational Behaviour, na hivi sasa vyuo vingi hulifundisha kwa njia ya mtandao. Taasisi hapa si lazima iwe ofisi yenye kiyoyozi. Chama cha msingi cha ushirika ni taasisi. Vivyo hivyo shule, zahanati, kamati ya maji, au kijiwe cha bodaboda chenye mwenyekiti na mfuko wa kusaidiana. Swali la somo ni moja: watu wakiwekwa pamoja kufanya kazi, kwa nini hutenda wanavyotenda?

Makala haya yanaeleza somo hilo lina nini ndani yake, halafu yanaingia kwenye fedha, bando na vyeti, ambako ndiko watu wengi huumia.

Kiwanda cha simu

Kozi nyingi za somo hili humpeleka mwanafunzi mapema katika kiwanda cha Hawthorne, kilichokuwa Cicero, pembeni ya jiji la Chicago nchini Marekani. Kiwanda hicho cha kampuni ya Western Electric kilitengeneza simu na vifaa vyake, na kilikuwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Mwaka 1924 watafiti waliingia humo na swali dogo: je, mwanga wa taa ukiongezwa, watu watafanya kazi zaidi?

Kundi moja liliongezewa mwanga, jingine likaachwa kama lilivyokuwa. Uzalishaji ukapanda kwa makundi yote mawili. Mwanga ulipopunguzwa, kazi haikushuka kama ilivyotarajiwa. Watafiti wakabaki wanakuna vichwa.

Mwaka 1927 wakachukua wanawake wachache waliokuwa wakiunga swichi ndogo za mitambo ya simu, wakawaweka katika chumba chao peke yao. Wakawapa mapumziko, wakapunguza saa za kazi, kisha wakayaondoa yote hayo. Kwa jumla uzalishaji uliendelea kuwa juu. Elton Mayo, msomi mzaliwa wa Australia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alieleza kwamba wafanyakazi wale walibadilika kwa sababu walisikilizwa, waliangaliwa, na wakawa kundi lenye urafiki. Tangu hapo, tabia ya mtu kubadilika kwa sababu anajua anaangaliwa imekuwa ikiitwa athari ya Hawthorne. Yeyote aliyeona zahanati inavyong'aa siku mgeni wa mkoa anapokuja anaijua vizuri, hata kama hakujua jina lake.

Kozi nzuri haiishii hapo. Itakwambia pia kwamba malipo ya wanawake wale yalibadilishwa, hivi kwamba kila mmoja alifaidika zaidi na kazi ya kikundi chao kidogo. Itakwambia kwamba wawili kati yao waliondolewa na wengine kuwekwa badala yao, kwa kuwa walionekana wanaongea mno na hawashirikiani na watafiti. Je, ni upendo uliopandisha kazi, au ni pesa, au ni hofu ya kuondolewa? Wasomi wamebishana kwa miaka mingi. Kozi ikikusimulia Hawthorne bila ubishi huo, tunaona imekupa nusu ya mzigo.

Sehemu tunayoipenda sisi ni ile ya mwisho, ya mwaka 1931 na 1932, nayo hutajwa kidogo. Wanaume 14 waliokuwa wakiunga nyaya waliwekwa chumba kimoja. Mfumo wa malipo ulikuwa wazi: kundi likizalisha zaidi, wote wanapata zaidi. Lakini wanaume wale walikuwa wamekubaliana wenyewe, bila karatasi wala kikao, kiasi gani ni kazi ya kutosha kwa siku. Aliyevuka kiasi hicho alitaniwa, akaitwa majina, na wakati mwingine akapigwa ngumi ya mkono. Aliyefanya kidogo sana naye alisemwa. Aliyewapelekea wakubwa maneno hakuwa na rafiki.

Waliogopa kwamba wakionyesha wanaweza zaidi, kiwango kitapandishwa au wenzao wataachishwa kazi, na miaka ile uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya. Kwa hiyo lile lililoonekana kuwa uvivu lilikuwa na hesabu ndani yake. Mwalimu mpya mwenye bidii akifika kwenye shule na wenzake wakaanza kumwita kimbelembele, chumba kile cha Hawthorne kimehamia kijijini kwako.

Kamba ya Ringelmann

Mfano wa pili unawahusu wakulima moja kwa moja. Max Ringelmann alikuwa mtaalamu wa uhandisi wa kilimo nchini Ufaransa. Mwishoni mwa karne ya 19 alipima nguvu za watu wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Mtu mmoja akivuta peke yake hutoa nguvu zake zote. Wakiwa wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu alizoweza kutoa akiwa peke yake.

Ringelmann mwenyewe aliona sababu kubwa ni kutokwenda pamoja: huyu anavuta, yule anapumzika. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walijaribu jambo linalofanana kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele. Waligundua kwamba hata tatizo la kwenda pamoja likiondolewa, mtu anayeamini yuko kwenye kundi hujituma kidogo kuliko anayeamini yuko peke yake. Kila mmoja anamtegemea mwenzake.

Hapa somo linagusa msaragambo wa kuchimba mtaro wa maji. Watu mia wakiambiwa wachimbe pamoja, utaona majembe mengi yamesimama. Kila kaya ikipimiwa hatua zake, mtaro unakwisha. Wazee walijua hivyo muda mrefu, ndiyo maana shamba hugawanywa kwa ngwe, kila mtu na ngwe yake. Somo linaongeza maelezo ya sababu: kazi ya kila mmoja ikionekana na kujulikana ni ya nani, mzembe hana pa kujificha.

Mahali pa kuwa macho

Kozi nyingi zimetungwa Marekani na Ulaya, na mifano yake ni ya huko. Zinapofika sehemu ya utamaduni, mara nyingi humtaja Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, aliyelinganisha mataifa kwa alama: wapi watu wanamwogopa bosi, wapi kila mtu anajitegemea. Takwimu zake za mwanzo zilitokana na wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta, IBM, na katika hizo Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia ziliunganishwa zikapewa alama moja ya Afrika Mashariki. Hebu fikiria: mvuvi wa Kilwa, mfugaji wa Borana na mchimba shaba wa Kitwe wanasemewa na watu wachache wa ofisi za kompyuta. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza maswali hapo, na mwalimu mzuri atafurahi.

Mambo ya kwetu yapo pia, ingawa kozi za mbali hazitayataja. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi katika viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kama silaha, na katika miaka iliyofuata baadhi yao waligoma, si kwa ajili ya mshahara tu bali kwa sababu ya mameneja waliowadharau. Anayetafuta mada ya insha yake ya kozi, hiyo ni bora kuliko kurudia mfano wa kampuni ya California.

Njia mbili ambazo watu huchanganya

Njia ya kwanza ni kozi fupi zilizo wazi kwa yeyote. Coursera na edX, zote mbili zilizoanza mwaka 2012, zina kozi za vyuo vikuu vikubwa, na OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza hutoa masomo ya bure. Unasoma kwa wiki kadhaa: video fupi, maandishi, maswali ya kujipima, wakati mwingine kazi ya kuandika. Mara nyingi kujifunza ni bure au bei ndogo, na cheti ndicho kinacholipiwa. Cheti hicho kinasema umemaliza kozi hiyo, basi. Si shahada wala stashahada, na hakikupandishi daraja serikalini kwa nguvu zake chenyewe.

Njia ya pili ni kujiandikisha chuo kikuu kinachofundisha kwa masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina vituo mikoani, na wenzetu wa Kenya wamepata Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023. Hapo tabia za watu katika taasisi huwa ni somo moja ndani ya programu ya utawala, biashara au usimamizi wa watumishi. Kuna sifa za kujiunga, ada, mitihani, na mwisho wake shahada inayotambuliwa.

Matapeli huishi katikati ya njia hizi mbili. Mtu anakutumia ujumbe wa shahada ya miezi miwili, ada nusu bei, tuma kwa namba hii. Tanzania, chuo lazima kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na hata shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na tume hiyo. Kenya kazi hiyo ni ya CUE. Uliza huko kabla hujatuma hata shilingi, na kama unasomea kupanda cheo, muulize mwajiri wako kwa maandishi kama atakikubali cheti hicho.

Kuhusu bando: video ya saa moja, hata kwa ubora wa chini, hula megabaiti mia kadhaa. Programu nyingi za kozi hukuruhusu kupakua masomo ukiwa mahali penye Wi-Fi, ukayatazama nyumbani bila mtandao. Kozi nyingi pia zina maandishi ya kila video, nayo hayali bando kama video. Kitochi hakitatosha; unahitaji simu janja, na kwa insha ndefu utatamani kompyuta ya kuazima. Kizuizi kikubwa zaidi ni Kiingereza. Anza na kozi ya bure ya wiki mbili upime kama unaelewa, kwa kuwa wengi wanaojiandikisha kozi hizi duniani kote hawafiki mwisho.

Mkiwa wawili au watatu kijijini mnaosoma kozi moja, gawaneni sehemu za kusoma, halafu kila mmoja awafundishe wenzake sehemu yake siku mliyopanga. Na anayelenga Chuo Kikuu Huria afike kwanza kituo cha mkoa wake aulize tarehe za mitihani. Kama zinaangukia wiki za kupanda au za mnada wa korosho, ni bora ajue sasa kuliko baada ya kulipa ada.